Mseto wa Mzee Haidar

"Sisaini," alisema Inspekta Sihaba Mbaruku.

Mrakibu Ishaka, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa ameshamnyooshea kalamu. Ikabaki hewani.

"Husaini nini?"

"Hii hati ya mashtaka, afande. Siisaini."

Nje ya geti watu walikuwa wakipiga kelele tangu asubuhi. Wengine walikuja na maboksi yaliyoandikwa kwa makaa, wengine walikuja na midomo yao tu, na midomo ya watu wa mjini inatosha kabisa. Wote walitaka jambo moja: Zuwena, muuza dawa wa karibu na soko la samaki, apelekwe mahakamani kwa kumuua Mzee Haidar Alawi kwa dawa zake.

"Sihaba, usinichezee," alisema Ishaka. "Yule binti anakwenda kwa hakimu leo mchana. Maelezo ya mjane unayo. Maneno ya daktari unayo. Mashahidi waliomsikia akimwambia mzee 'utakufa' katikati ya duka ni wa kumwaga. Unataka nini tena, malaika ashuke?"

"Nataka mtu anieleze mseto ulivyotoboa tumbo."

"Nini?"

Sihaba alilifungua jalada, akaligeuza upande wa mkubwa wake. "Daktari kasema mzee alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Alfajiri ya Ijumaa vikatoboka, akatapika damu, akafa. Kasema balaa hilo huletwa na dawa kali za maumivu, za jamii ya diklofenaki. Sasa soma maelezo ya mjane aliyoyachukua Koplo Ndaki. 'Usiku wa Alhamisi marehemu alimeza mseto, vidonge vya njano.' Mseto ni dawa ya malaria, afande. Wewe umeumeza, mimi nimeumeza. Umekutoboa tumbo?"

"Kwa hiyo kampa vyote viwili. Mseto na hiyo diklo yako."

"Mjane kataja mseto peke yake."

"Mjane ana msiba!" Ishaka alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mama wa watu kafiwa, unataka akutajie dawa moja moja kama mfamasia? Saini, binti!"

Sihaba hakuwa binti. Alikuwa mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Pangani, na kazi ya upelelezi ilikuwa imeshamtia mvi. Neno hilo lilimkera kuliko kelele za geti. Alilifunga jalada, akalitia kwapani.

"Nipe mpaka adhuhuri."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, nihamishe."

"Nitakupeleka mizani ya Vigwaza ukahesabu malori mpaka ustaafu!"

"Nitabeba mkeka wangu, afande," alisema Sihaba, akatoka bila kungoja ruhusa.

*

Zuwena alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, mtandio umefungwa sawasawa kama mtu anayengoja kuitwa arusini. Alikuwa ameshalala humo ndani usiku mbili. Alipomwona Sihaba hakusimama.

"Umekuja na karatasi au umekuja na maswali?"

"Maswali."

"Basi karibu ukae. Wenzako walikuja na karatasi. Wanataka nisaini kuwa nimekosea, duka lifungwe, halafu nikalale kwangu. Nimewaambia kalamu yao wakachokolee meno."

Sihaba alivuta kigoda, akakaa. Ilibidi ajizuie kucheka, maana kazi ni kazi.

"Jumanne Mzee Haidar alikuja dukani kwako."

"Alikuja. Mgongo ulikuwa umemkaza, anatembea kaupinda. Alitaka diklo."

"Ukampa?"

"Nikamkatalia. Mji mzima unajua yule mzee ana vidonda vya tumbo. Pilipili hali, ndimu hali, anakwenda msikitini na chupa ya maziwa mfukoni. Diklo, aspirini, ibuprofeni, hizo zote kwa tumbo lile ni sumu. Nikampa panadol na dawa ya kuchua, nikamwambia zikishindwa nenda hospitali ukaangaliwe huo mgongo. Weee! Alinifokea! Panadol ni za watoto, mimi mwenyewe mtoto, nimesoma wapi mimi. Watu wamejaa dukani wanasikiliza."

"Ndipo ukamwambia atakufa."

"Sikumwambia atakufa. Nilimwambia, 'Ukitaka kufa nenda kafie kwingine, si kwa dawa yangu.' Na nitalirudia mbele ya hakimu, na mbele ya hao wanaobweka getini. Adabu nilikosa, sawa, yule ni baba yangu kiumri. Lakini dawa sikukosea."

"Hukuwaeleza hivyo waliokukamata?"

"Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Wanasikia 'kufa' tu, yaliyobaki yanapita."

Sihaba aliinamisha kichwa kidogo. Mashahidi wale wa kumwaga walikuwa wameshaanza kumpungua mkononi, maana kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya sentensi, tena nusu ileile.

"Na mseto ulimuuzia lini?"

"Mseto upi?"

"Wa malaria. Mjane anasema mzee alimeza mseto usiku wa Alhamisi. Vidonge vya njano."

Zuwena alimkazia macho.

"Mseto ni wa njano, kweli," alisema taratibu. "Lakini mimi simpi mtu mseto sijampima malaria. Yule sikumpima, kwa sababu homa hakuwa nayo. Sasa na mimi nikuulize, afande. Mtu anaumwa mgongo, mseto wa nini?"

"Hilo ndilo linaloniudhi na mimi," alisema Sihaba. Aliinuka. "Zuwena, nisikilize. Ukikataa kusaini ile karatasi yao na mimi nikashindwa, utakaa ndani. Unaweza ukakaa miaka."

"Nitakaa."

"Una mtoto wa kunyonya nyumbani."

Zuwena aliukaza mtandio wake. "Mama yangu anamlea. Mimi sitasema nimemuua mzee wa watu ili nikamnyonyeshe mwanangu leo. Kesho akikua ataambiwa mama yake muuaji, na kasaini mwenyewe. Haki ya Mungu sisaini."

*

Nyumba ya Mzee Haidar ilikuwa upande wa mji mkongwe, ile ya mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa upande mmoja. Matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani, wakizungumza chinichini, na bilauri za kahawa zilikuwa zikizunguka. Aliyekuwa akiwakaribisha watu alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini na kitu, kanzu nyeupe pe, saa inang'aa. Koplo Ndaki alimnong'oneza Sihaba kwamba huyo ndiye Twalha, mtoto wa marehemu dada yake Mzee Haidar, ana duka lake la dawa Msata.

"Duka la dawa?"

"Ndiyo, afande. Mtu mwema sana huyu. Siku nilipokuja kuchukua maelezo alinipa kahawa na haluwa."

"Ulimhojia wapi mjane?"

Ndaki alionyesha mlango wa ndani, uliofunikwa kwa pazia zito la maua. "Mama yuko eda. Hakai na mwanaume wa kando. Mimi nikakaa huku, yeye kule, pazia katikati. Nikimuuliza ananijibu."

"Na Twalha?"

"Alikaa na mimi. Nikiwa sikusikia vizuri, ananisaidia."

Sihaba alimtazama Koplo Ndaki, kijana mrefu wa Kisukuma kutoka Magu, mchapakazi asiyejua hila, akaona amwache kwanza. Alivua viatu, akabisha hodi, akaingia nyuma ya pazia peke yake.

Bi Mwaija alikuwa amekaa juu ya godoro lililotandikwa chini, amejifunika kanga zilizofifia, hana wanja, hana udi, hana hata pete. Mwili ulikuwa umemwisha kwa siku chache zile. Sihaba alimshika mkono.

"Shikamoo, mama. Makiwa."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante. Wewe wa wapi? Usemi wako si wa bara."

"Wa Pangani."

"Alhamdulillahi. Angalau wameleta mtu. Yule wa juzi alikuwa akinipigia kelele nyuma ya pazia utadhani mimi kiziwi."

Walizungumza kidogo habari za Pangani, za nani kaoa nani, kama ilivyo ada. Sihaba hakuharakisha, ingawa adhuhuri ilikuwa ikimpumulia kisogoni. Kisha akauliza.

"Mama, Alhamisi usiku. Nieleze tangu alipotoka msikitini."

"Alirudi baada ya Isha. Mgongo umepungua, anafurahi. Akameza panadol zake, akapata mseto, akalala. Ndiyo hayo. Alfajiri nikasikia anaguna." Machozi yakamlenga, akayapangusa kwa pindo la kanga.

"Mseto nani alimpa?"

"Nani ampe? Mimi si mkewe?"

"Ulinunua wapi?"

"Kununua nini, mwanangu?" Bi Mwaija alimshangaa. "Choroko zimejaa ndani humo, mchele umo. Nikatia nazi ya kutosha, na papa mkavu wa kutowelea. Akala sahani nzima, akaniambia Mwaija leo umeupatia. Akaukwangua mpaka ukoko wa chunguni. Mseto wangu alikuwa haukatai yule, hata akiwa mgonjwa."

Sihaba alijipiga paji la uso kwa kiganja, pa! Utoto wake wote kwa bibi yake ulikuwa ni mseto wa choroko! Kaula mpaka kauchukia, halafu leo amekaa ofisini siku mbili akiusoma mseto kwenye jalada, na kichwani hakikuja kingine ila vidonge vya malaria. Aibu ilimpanda, na hasira juu yake.

"Koplo alikusomea ulichosema?"

"Alinisomea mbiombio. Akasema, 'Kwa hiyo alipata mseto?' Nikasema eee, alipata mseto. Sasa kosa liko wapi? Kula nako mmekufanya haramu?"

"Hakuna kosa, mama. Kosa letu." Sihaba alisogea karibu zaidi. "Umesema alimeza panadol kwanza. Zile za Zuwena?"

"Zile za Zuwena alizitupa uvunguni, anasema za watoto. Alimeza zile panadol za njano."

"Panadol za njano."

"Eee. Panadol za mgongo."

"Mama, kwako wewe, panadol ni dawa gani?"

"Ni dawa ya kuuma, mwanangu. Kichwa, jino, mgongo, zote si panadol? Zipo nyeupe, zipo nyekundu, na hizi za njano ndizo kali. Mimi mwenyewe nimemeza moja jana kwa ajili ya magoti." Alilivuta pindo la kanga yake, akafungua fundo kwa kucha. Ndani yake vilikuwamo vidonge, vidogo, vya njano, ganda lake laini linang'aa. "Hizi zilizobaki. Nilizificha humu watoto wasije wakachezea."

Sihaba alitandika leso, akavipokea kimoja kimoja bila kuvigusa kwa vidole.

"Tafadhali usimeze tena hata kimoja. Nani alimletea?"

"Twalha, mpwa wake. Alikuja na gari yake Jumanne magharibi, akamkuta mjomba wake kaupinda. Akamwambia, mjomba, huyo Zuwena anakuchezea, dawa hizi hapa. Meza mbili asubuhi na mbili jioni, kabla hujala, ndiyo zinafanya kazi."

"Kabla hujala? Una hakika alisema hivyo?"

"Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni."

"Na Twalha alijua mjomba wake ana vidonda?"

Bi Mwaija alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ndiye aliyempeleka Dar akaingizwa ule mpira wa kuangalia tumbo? Daktari alimwandikia Twalha kila kitu, mzee kusoma kulikuwa kumemshinda kwa macho." Taratibu uso wake ulianza kubadilika, na mkono ukapanda kifuani. "Mwanangu. Unaniuliza nini wewe?"

"Walikuwa na ugomvi?"

"Shamba la Kaole," alisema Bi Mwaija, na sauti ilimtoka kama upepo. "La mzee na marehemu dada yake, la ubia. Twalha anataka liuzwe, kuna watu wa hoteli. Mzee kasema maadamu mimi hai haliuzwi. Lakini walipatana! Jumanne alikuja kumwomba radhi. Ya Rabi, alikuja kumwomba radhi!"

Sihaba alimkumbatia, akamwacha alie. Alipotoka nyuma ya pazia alimwita Koplo Ndaki pembeni, chini ya dirisha.

"Ndaki, kwenu Magu wali uliopikwa pamoja na choroko mnauitaje?"

"Wali na choroko, afande."

"Huku unaitwa mseto."

Ndaki alikodoa macho. Kisha akasema, "Mungu wangu. Na alisema vidonge vya njano..."

"Ukaviunganisha. Sikulaumu, hata mimi nilikupita kwa ujinga. Sasa niambie jambo moja tu. Ulipoandika mseto, Twalha alikuwa amekaa pale?"

"Alikuwa pale. Hata nilimuuliza, mseto wa malaria? Akasema ndiyo, mseto wa Zuwena."

Sihaba alitazama barazani. Twalha alikuwa akimmiminia mzee mmoja kahawa, anatabasamu kwa huzuni ya kutosha.

*

Kituoni hakumfanyia ukali wowote. Alimpa kiti kizuri, akamwomba radhi kwa kumtoa matangani. Mlango wa chumba cha jirani aliuacha wazi kidogo, na nyuma yake alikuwa amekaa Mrakibu Ishaka, aliyekubali kwa shida na kwa kununa.

"Nataka nifunge jalada la Zuwena," alisema Sihaba. "Nikaona nikuulize wewe, mtaalamu, usije ukasema tumeandika upuuzi."

"Uliza chochote, afande. Nataka haki ya mjomba wangu."

"Alhamisi usiku ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nililala pale."

"Ulimwona akimeza mseto?"

"Kwa macho yangu haya. Vidonge vinne, kama inavyotakiwa."

"Akiwa katika hali gani?"

"Homa, afande. Anatetemeka. Nikamwambia Zuwena hakukupima, yeye akasema liwalo na liwe."

"Alikula kitu?"

"Ale nini na homa ile? Hata uji hakugusa. Alimeza mseto wa yule mwanamke kwa maji matupu."

"Mwanamke yule ni hatari, basi."

"Ni muuaji," alisema Twalha, na alilisema vizuri sana. "Watu kama wale wanatuharibia kazi sisi wenye maduka halali."

Sihaba aliifungua leso juu ya meza, akaisogeza mbele yake. Vidonge vya njano vililala pale, vikimetameta kwenye mwanga wa dirisha.

"Hivi ndivyo vilivyobaki. Naomba unithibitishie. Ndio mseto alioumeza?"

Twalha hakuvitazama hata kwa muda wa kupepesa jicho. "Ndio wenyewe. Mseto wa Zuwena."

"Una hakika?"

"Afande, mimi ninauza dawa kila siku."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe." Sihaba aliegemea nyuma ya kiti chake. "Koplo wangu kutoka Magu akiita hiki mseto, namsamehe. Mjane akikiita panadol, namsamehe pia, kwake kila dawa ya maumivu ni panadol. Lakini wewe una duka. Mseto ni mkavu, hauna ganda, tena unakaa kwenye karatasi yake iliyochorwa jua na mwezi. Hiki kina ganda linang'aa na kimepigwa muhuri. Kabla sijakuita nilikipeleka kwa mfamasia wa hospitali, hakuhitaji hata miwani. Ni diklofenaki. Na wewe umeniapia ni mseto."

Twalha alijaribu kucheka. "Labda sikuangalia vizuri."

"Angalia sasa."

Hakuangalia.

"Mjomba wako Alhamisi alikula sahani nzima ya mseto, Twalha. Wa choroko na papa mkavu. Akakwangua ukoko. Hakuwa na homa, hakuwa na malaria, na vidonge vinne hukuviona kwa sababu havikuwapo. Ulisikia koplo anakosea neno, ukaona umepata pa kujificha, ukaingia."

"Mkaza mjomba wangu kachanganyikiwa kwa msiba. Neno la mwanamke nyuma ya pazia litasimama wapi mahakamani?"

"Mimi nilikuwa ndani ya pazia."

"Sawa!" Twalha alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Nilimletea dawa ya mgongo. Nilimwonea huruma! Ningejuaje ana vidonda?"

"Nani alimpeleka Dar kuingizwa mpira?"

Jasho lilikuwa limeshaanza kuilowesha kola ya kanzu ya Twalha.

"Nani aliandikiwa majibu na daktari? Nani alimwambia ameze mbili mbili kabla hajala? Muuza dawa gani duniani anayemwambia mgonjwa ameze diklo na tumbo tupu? Jibu, Twalha. Ungemwambia hivyo mteja wako wa Msata?"

"Shamba lile ni la mama yangu pia!" alipiga kelele Twalha. "Miaka yote kalishikilia, analima mihogo! Mihogo!"

Lilipomtoka neno hilo alilisikia na yeye. Akakaa chini, pale pale sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeanguka. Mlango wa jirani ukafunguka, Mrakibu Ishaka akaingia na pingu mkononi mwake mwenyewe.

*

Adhana ya adhuhuri ilipoisha, Ishaka alisimama mbele ya mahabusu na funguo. Alikuwa mtu mzito wa kuomba radhi, na siku hiyo alikuwa mzito zaidi.

"Zuwena, uko huru. Tumemkamata mwenyewe. Lakini watu bado wako getini, na wamechachamaa. Koplo atakupitisha mlango wa nyuma, gari ipo, itakufikisha kwenu."

Zuwena alikuwa akijikung'uta vumbi la sakafu kwenye gauni. Aliinua kichwa.

"Mlango wa nyuma?"

"Kwa usalama wako."

"Mlinileta Jumamosi mchana, mkanishusha mbele ya watu, kila mtu ananitazama. Hamkunipitisha nyuma. Mimi si mwizi wa kuku, afande. Nitatokea mbele, na wewe utatoka na mimi, useme kwa mdomo wako."

"Mimi niseme?"

"Wewe ndiye mkubwa hapa."

Ishaka alimgeukia Sihaba, kama anayeomba msaada. Sihaba alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani.

"Usinitazame mimi, afande," alisema. "Mimi leo nimeshakataa mara moja, nikikataa tena utasema nina kiburi. Ila anasema kweli."

Wakatoka mbele, watatu. Kelele zilipanda, kisha zikaanza kufa mstari kwa mstari, maana watu walimwona mkuu wa upelelezi kavua kofia. Ishaka alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: Zuwena hakumuua Mzee Haidar, alimkataza dawa iliyomuua, aliyemuua amekamatwa, na si mtu wa mbali. Hakupamba wala hakufupisha. Watu walitazamana. Boksi moja lililoandikwa kwa makaa liliteremshwa taratibu, likageuzwa maandishi chini.

Zuwena aliteremka ngazi bila kuharakisha. Njia ilifunguka yenyewe. Katikati yake alibaki mama mmoja mtu mzima, amejitanda kanga nyeusi, yule ambaye tangu asubuhi sauti yake ilizipita zote kwa kutaka Zuwena anyongwe. Sasa alikuwa ameinyoosha mikono, na machozi yanamtiririka.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe, tulidanganywa."

Zuwena alisimama mbele yake, akaipokea mikono ile miwili, akainama kidogo kwa adabu kama anavyotakiwa binti wa watu kumwinamia mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

"Kusamehe, bado," alisema Zuwena. Akaiachia ile mikono, akashika njia ya kwenda kumnyonyesha mwanawe.